Baba Mdogo Hakuugua

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko ugenini, na lile goti limepoa? Sisi huku wazima wa mwili. Moyo ndio bado unachechemea. Pole tena kwa msiba. Kulia peke yako mbali na ndugu ni kulia mara mbili.

Simu ilikatika ulipokuwa ukiuliza kilichomuua mdogo wako. Nimeona jambo hili halifai simu ya kukatika-katika, ndiyo maana nimeketi kukuandikia.

Joto la mwaka huu hatujapata kuliona. Pale kiwandani Baba Mdogo na wenzake walikuwa wakijifunga vitambaa vya maji shingoni, ndipo waingize mikate tanurini. Feni ilipuliza moto mtupu. Redioni mtangazaji alitutakia kila asubuhi siku murua ya jua, na wakubwa wakihojiwa walisema hizo ni changamoto za mabadiliko ya tabianchi. Sasa, Shangazi, mabadiliko si ndiyo tunayoahidiwa kila uchaguzi? Nani atayakimbia? Baba Mdogo mwenyewe alinitania, "Kama changamoto ndiyo hii, iambie ipunguze kuni." Kisha akasema tutazoea.

Mchana mmoja aliketi juu ya gunia la unga, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Ngozi yake ilikuwa kavu, inaunguza. Walimkimbiza hospitali, hakurudi.

Daktari alituambia waziwazi, mimi na Mama Mdogo, kwamba mwili ulizidiwa na joto ukashindwa kupoa. Lakini kabla hatujafika nyumbani, maneno yalishageuka. Huyu kasema presha, yule kasema moyo, wazee wakasema siku yake imefika.

Mazishini, msomaji wa wasifu alipofika penye "aliugua kwa muda mfupi", Mama Mdogo akasimama. Unavyomjua, hata chumvi huiomba kwa kunong'ona.

"Mume wangu hakuugua," alisema. "Joto limemuua. Naomba lisomwe hivyo."

Kaka yake akamshika mkono. "Kaa, dada. Siku ya mtu ikifika imefika."

"Sikatai. Lakini mtu akigongwa na gari, mbona gari tunalitaja?"

Kisha fundi cherehani aliyekuwa nyuma yangu akasema taratibu kwamba mama yake naye alikufa vivyo hivyo, chini ya bati, wakatangaza presha kwa kukosa neno jingine. Mlinzi wa ghala naye akamtaja mwenzake. Msomaji akasoma upya: "Ameuawa na joto kali akiwa kazini." Mwenye kiwanda alikuwepo, macho chini.

Si wote waliopenda. Wapo wanaosema uchungu umemzidi Mama Mdogo, wapo wanaosema ameingilia kazi ya Mungu. Kaka yake hata salamu humpa kwa shida. Lakini wafanyakazi walikwenda kwa mwenye kiwanda siku ya pili yake, na sasa ukuta wa nyuma umetobolewa madirisha, na jua likiwa la utosi tanuri linazimwa. Waliniambia changamoto haina wa kudaiwa, ila mtu akiuawa yuko wa kudaiwa. Hata foleni ya maji siku hizi watu wanaulizana joto hili linatoka wapi, nani analichochea, na mbona enzi za utoto wenu halikuwa hivi. Zamani tulikuwa tukipangusa jasho tu.

Bibi anakusalimu sana. Anakula kidogo, lakini anakula. Mdogo wangu Kibonge anakusalimu pia, na fundi cherehani, ingawa hamjuani.

Mama Mdogo ana ombi moja kwako. Watu wa huko wakikupa pole na kukuuliza ndugu yako aliugua nini, usiwajibu kwa neno la kuwaridhisha. Waambie alikuwa mzima, na waambie kilichomuua.

Mungu akufunike kwa rehema zake, akupe usingizi mwema.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kuchoka,
Binti wa pasi (bado nanyoosha nguo za watu)