Ndiyo ya Mholanzi

Kapsali, Kithira
9 Novemba 2018

Mpendwa ndugu yangu Vretos,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na Eleni wako na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu unauma kama kawaida, lakini mtu hawezi kuinamia magari miaka thelathini halafu akategemea mgongo wa msichana. Shangazi Gramatiki yupo. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, ila ulimi wake una afya kuliko wangu na wako tukijumlisha. Zeituni mwaka huu ni kidogo, kwa hiyo usitegemee dumu la mafuta.

Najua huko wanakuita Brett. Mimi nitakuita kwa jina la babu, kwa sababu ndilo lililo kwenye nusu ya nyumba.

Nianze na lawama kabla moyo haujapoa. Mwezi wa nne uliandika kwamba mtakuja Septemba na ile meli kubwa ya watalii, itie nanga hapa Kapsali kutwa nzima, mpande kijijini Mitata kumwona shangazi. Nikamsomea. Akanifanya nimsomee tena. Mwezi wa nane ukanitumia ujumbe wa simu usiojaza hata kioo, kwamba mmebadilisha meli, mnaenda Alaska kutazama barafu. Barafu, Vretos. Kwani nyumbani huna friji?

Nilishindwa kumwambia shangazi. Kila nilipopanda na nia hiyo nilimkuta anapiga pasi shuka zenu.

Sasa hali ya nyumba unaijua, lakini kwa kuwa umezoea kusahau nitakukumbusha. Babu aliwaachia nyumba shangazi na baba yako, nusu kwa nusu. Baba yangu alipewa mawe ya ufukweni ambayo hata mbuzi waliyakataa. Leo juu ya mawe hayo nimeegesha magari kumi na moja ya kukodisha, na sikumwomba mtu msaada, ila hayo tuyaache. Baba yako, baba mdogo Theodoros, alipoondoka kwenda Melbourne alimwambia dada yake asibadilishe kitu mpaka arudi. Hakurudi, Mungu amrehemu. Lakini shangazi alikuwa ameshatoa neno lake.

Tangu lile tetemeko, vigae vya upande wa kaskazini vimeteleza na boriti mbili zimeoza. Mvua inamfuata kitandani. Amekisogeza kitanda hicho ukuta hadi ukuta, sasa kuta zimekwisha, kwa hiyo akafungiwa turubai juu ya kichwa kama muuza samaki sokoni. Nilimwomba ahamie kwangu, akasema nyumba haiachwi peke yake. Nikamwambia paa nitaliezeka mimi kwa mfuko wangu, akasema nusu si yake, na mali ya mtu haiguswi bila yeye mwenyewe kusema ndiyo. Ndipo nikakuuliza wewe. Ukasema tutaona. Krismasi tutaona, Pasaka tutaona. Sikutaka senti yako, ndugu yangu. Nilitaka neno moja, tena ndilo fupi kuliko yote tuliyo nayo.

Basi, Septemba meli ikaja, bila wewe.

Unajua zinavyokuwa siku za meli. Boti zake ndogo zinawamwaga watu gatini, basi tayari linawasubiri, na kila mmoja amelipia melini yuro themanini na tano ili aoneshwe kanisa moja, alambishwe asali, kisha auziwe asali hiyo hiyo. Kwangu haidondoki hata senti. Riziki yangu ni wale wabishi wachache wanaoteremka na ramani mkononi, wamekataa basi, wamesema kisiwa watakizunguka wenyewe.

Siku hiyo wabishi walikuwa mtu na mkewe. Mume mrefu kama nguzo ya taa, akanibania bei mpaka nikampenda. Jina lake Wim. Mke anaitwa Helen. Wanaishi Australia wote wawili, ila mume amezaliwa Uholanzi. Niliwapa kile kigari cheupe, nikawachorea njia ya kwenda maporomoko ya maji ya Milopotamos, nikawaambia wakate kushoto kwenye kona yenye kanisa. Hapo nakiri sikufikiri. Kisiwani kwetu utaipata wapi kona isiyo na kanisa?

Wakakata kushoto kwenye kanisa la kwanza. Wakaona hakuna maji, wakakata kwenye la pili. Mwishowe wakafika Mitata, Helen amebanwa na haja ndogo, na mlangoni pa nyumba ya kwanza ameketi bibi kizee ndani ya gauni lake jeusi la sikukuu, anaitazama barabara kwa macho yasiyoona. Alikuwa amekaa pale tangu meli ilipopiga honi.

Haya yote nilisimuliwa baadaye na Helen. Shangazi aliwauliza wao ni wa nani. Hawakuelewa. Akauliza, Australia? Helen akafurahi kusikia neno analolijua, akaitikia, Australia, Australia. Eleni? Helen, akajibu yule mgeni huku akijigonga kifua. Ungetaka cheti gani zaidi? Kwa shangazi, Australia ni kijiji kimoja, na ndani yake yumo Eleni mmoja.

Simu ofisini ikalia. Alikuwa shangazi. "Wamekuja," akasema. "Lete nyama." Akakata.

Nikasema basi, uzee umemfika kichwani. Hata hivyo nilichukua nyama, kwa sababu aliyechanganyikiwa naye anakula, nikafunga ofisi, nikapanda Mitata. Nje ya nyumba nikakuta kigari changu cheupe, na bampa lina mchubuko ambao asubuhi haukuwepo.

Ndani nilimkuta Wim amekaa kwenye kiti cha baba yako. Kile kiti, Vretos, ambacho mimi nikiwa mtoto nilichapwa kwa kukikalia. Mbele yake jibini, zeituni, mayai ya kukaanga, mikate mikavu iliyolowekwa mafuta, na jogoo mzima mzima ambaye hadi asubuhi ile alikuwa akiwika. Jasho linamtoka. Na kila shangazi alipomwuliza kama aongezewe, yeye alijibu haraka haraka, nee, nee.

Nisikilize vizuri hapa. Kwetu Wagiriki "ne" ni ndiyo. Hata wewe uliyesahau kila kitu, hilo hujalisahau. Kumbe kwa Waholanzi neno hilo hilo, kwa sauti hiyo hiyo, ni hapana. Wim ana Kiingereza kizuri, lakini anasema akishikwa na aibu ulimi wake unarudi kwa mama yake. Basi maskini anakataa, na kadiri anavyokataa ndivyo sahani inavyojaa. Shangazi uso unang'aa. Alisema hajapata kuona mtoto wa ukoo wetu aliyeiva kwa shukrani namna ile.

Nikamvuta Helen jikoni. Kwa Kiingereza changu cha kukodisha magari nikamweleza mambo yote: wewe, barafu, shuka, turubai. Nikamwambia nitaingia sasa hivi nimweleze shangazi ukweli, kisha niwatangulie hadi gatini wasiachwe na meli.

Helen alifuta mikono yake taratibu. Akaniuliza, "Na huyo Helen mwingine, ni mtu mzuri?"

Nikamwambia sijui, hajapata kuja.

Akarudi mezani, akaketi karibu na shangazi, akamshika mkono, akakaa hivyo. Sikupata nafasi ya kusema kitu, maana wakati huo huo Minas aliingia. Minas yule fundi wa vigae. Kumbe shangazi alikuwa amepiga simu mbili. Akavuta kiti, akatazama sahani ya Wim, akanitazama mimi. "Binamu yako anakula kama mtu anayenyongwa kesho," akaninong'oneza.

Shangazi akagonga meza kwa kijiko.

"Vretos, mwana wa Theodoros," akasema. "Fundi huyu hapa. Paa litengenezwe?"

Wim aliona kijiko tu. Akadhani ni jogoo tena. Akaweka viganja vyote viwili tumboni, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Nee. Nee, nee."

Shangazi haoni vichwa vinavyotikiswa. Minas aliyeona alidhani ni uchungu wa kumkumbuka marehemu baba. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba. "Nimesikia," akasema. "Shahidi mimi."

Mungu ananiona, nilifungua mdomo niseme. Nikainua macho, nikaliona, kupitia mlango wa chumba chake, lile turubai limefanya kitambi cha maji ya mvua ndogo ya juzi juu ya mto wa shangazi. Nikaufunga mdomo. Nikamwongezea Wim kiazi.

Kuwatoa pale ilikuwa kazi nyingine. Shangazi alishatandika kitanda. Alitaka kujua ni watu gani hao wanaotoka mwisho wa dunia halafu waondoke kabla jua halijazama, na meli gani hiyo isiyoweza kusubiri watu wakila. Helen akainama akambusu mkono, vile vile tunavyofanya sisi, sijui nani alimfundisha. Wim naye akainama, shangazi akamkamata kichwa akambusu huku na huku, kisha akamtilia jibini zima chini ya kwapa. Tukateremka mbio. Walipanda boti ya mwisho, Wim na jibini lake, mabaharia wakimcheka. Ule mchubuko wa bampa sikuwatoza. Unanijua, umewahi kusikia nimemsamehe mtu mchubuko?

Minas alianza kazi Jumatatu, kabla sijabadili mawazo. Boriti mbili mpya, na vigae vya upande wote wa kaskazini. Nimelipa mimi, wala sikutajii kiasi, usije ukasema nakudai.

Wiki iliyopita mvua kubwa ya kwanza ikanyesha. Asubuhi nikapanda kumwona. Nilimkuta amenuna. Hakulala, akasema, nyumba imekuwa kimya mno, alizoea kusikia matone kwenye ndoo na kujua saa. Nikamtengenezea kahawa. Nikasema, ili mazungumzo yaendelee, kwamba nitakuandikia nikushukuru kwa kukubali.

Akanywa kahawa yake yote kwanza.

"Mwandikie yule ambaye hakuja," akasema, "kwamba yule aliyekuja amekubali."

Nikakosa pa kuweka macho. Akaniambia nisijisumbue kutafuta uongo mwingine, wa kwanza ulikuwa unatosha. Alipomkamata yule bwana kichwani kumuaga, vidole vyake vilipita kwenye masikio. Masikio madogo, kama ya paka. Wewe na mimi tunajua masikio ya ukoo wetu yalivyo. Nikamwuliza, basi kama alijua, kwa nini alimruhusu Minas apande juu ya paa? Akasema nusu ile ina kiti, kitanda na sahani, na mtu mmoja amekuja akakikalia kiti, akala, akaulizwa, akajibu. Mwenye nusu anaulizwa miaka yote hii na hajajibu. Yeye shangazi ana miaka tisini na moja. Amechagua wa kumsikiliza.

Nilidhani anatania. Hatanii. Chumba cha mashariki, kile chako, siku hizi anakiita chumba cha Wim. Na jambo lililonifanya nikae chini kukuandikia leo badala ya kukununia hadi Krismasi ni hili: Helen ameandika. Anasema safari hii hawataki meli, wanataka kulala. Watakuja Pasaka, wiki mbili. Shangazi amenituma nimjibu kwamba shuka zimepigwa pasi.

Ndugu yangu, mimi ni mtu wa hesabu, na hii ni nyepesi. Chumba ni kimoja, kitanda ni kimoja, na shangazi hasubirishi mgeni mlangoni kwa ajili ya mtu wa tutaona. Wao wameshakata tiketi za tarehe ishirini na mbili Aprili. Ukifika tarehe ishirini, utamkuta peke yake na utalala kwako. Nimekuwekea gari moja, lile la bluu, bila malipo. Kwenye kona zote utakazokutana nazo, nyoosha moja kwa moja.

Nisalimie sana Eleni, mwambie kuna Eleni mwenzake huku anayemharibia jina kwa wema. Mwamkie mama mdogo Stavrula, na uwabusu watoto, Theodoros mdogo na Frosini. Minas anakusalimu, yeye hajaambiwa kitu, na anauliza kama tumbo limetulia.

Bikira wa Mirtidia awafunike nyote kwa vazi lake, awafikishe salama popote mnapokwenda, na kama inawezekana awafikishe huku.

Ni mimi nikupendaye, ingawa leo kwa kununa,

Dada yako,
Argiro