Kamongo na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mama Jacinta wetu wa ukurasa huu, salamu sana, mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na moja lakini leo nimekuja kwako kama mtoto aliyevunja chungu, nisaidie kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana saa hiyo ikipita hata wewe hutakuwa na la kunisaidia.

Jina langu utalificha, ila ujue mimi ni Mbukusu wa Bungoma, nafanya kazi ya stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, na miaka mitatu iliyopita kompyuta nilijua kuiwasha na kuizima tu, mpaka Aditya, mtoto wa mwenye duka ambaye tunalingana umri, akanionyesha tovuti inaitwa Kodi Yetu, nami nikamcheka nikamwambia kodi ya nini tena na tunakamuliwa ya kutosha, akasema si kodi ya kaunti, ni yale maandishi watu wanaiandikia kompyuta ili ifanye kazi, na usidhani ni mimi tu niliyekosea, kuna mzee wa Sondu alijiandikisha humo ili alalamikie kodi ya soko, na badala ya kumfukuza wakamfundisha, leo ana programu yake mwenyewe ya kufuatilia magunia ya mahindi.

Hapo ndipo mahali penyewe, Mama, unauliza kwa Kiswahili chako cha kuungaunga na hakuna anayekucheka, na aliyeianzisha ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu huko Bondo, Mwalimu Beldina, aliitengeneza peke yake, sasa ina watu elfu tisa, na masomo yake ya mwanzo yote ni ya ng'ombe, hesabu ng'ombe zizini, wapange ng'ombe kwa umri, mtafute ng'ombe aliyepotea, na mimi nimejifunzia kwa ng'ombe hao hao, leo stoo yote inaenda kwa programu niliyoiandika kwa mkono wangu, huyo mama alinifumbua macho na nikisema hivyo sisemi kwa kupamba.

Sasa tovuti ina ukurasa wa kuripoti kasoro, unaandika kilichoharibika au unachotaka kiboreshwe, na Mwalimu akikuta ni kweli anabonyeza neno moja la kijani, Ayie, basi ujue limekubaliwa, na mimi humo nilijiita Kamongo, yule samaki wa kujichimbia matopeni, kwa sababu sikutaka kujulikana, na kasoro yangu ya kwanza ilikuwa ya Aditya, maana Mwalimu alikuwa ameiambia tovuti kwamba jina likianza na O ni mwanamume na likianza na A ni mwanamke, kama majina ya Kijaluo, basi kila mwenzangu akiingia anaambiwa "Karibu dada Aditya", nikaandika kwa hasira, "Mwenye tovuti, kwani Kisumu hii unadhani ni ya Wajaluo peke yao?" na siku hiyo hiyo akajibu, "Kamongo, umenipiga kofi na nilistahili. Mwambie dada Aditya aniwie radhi. Ayie."

Tangu hapo sikunyamaza, nikamwambia kurasa zake ni nzito kwa mtu wa Otonglo mwenye simu ndogo, akazipunguza, nikamwambia kitufe cha kutafuta kinatafuta kila kitu isipokuwa unachokitafuta, akakirekebisha, na siku nilipotaka abadilishe rangi alinijibu, "Kamongo, unataka nipake nyumba rangi na paa linavuja?" nikacheka peke yangu stoo nzima, na mpaka leo nimehesabu Ayie zangu ni sitini na tatu, hakuna mtu mwingine humo anayekaribia.

Mwaka jana Mungu akanikutanisha na Sylvia, mfamasia, msichana mwenye akili na asiyependa upuuzi, na kuhusu mama yake nilijua tu ni mwalimu mstaafu, kwa sababu mtu hachunguzi mama mkwe, na Sylvia aliponiuliza kompyuta nilijifunza wapi nilimwambia kwa kiburi cha wanaume kwamba nilijifundisha mwenyewe, hapo nakiri nilikosa, basi mwezi uliopita tunakunywa chai akaniambia, "Mama anataka ayie iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi," nami nikauliza, "Ayie? Kwani tumeripoti kasoro gani?"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hata wewe unaijua tovuti ya Mama? Neno alilitoa hapo. Ayie ni nimekubali, siku mama wa msichana anamkubali mkwe mbele ya watu. Na nikuambie, Mama ana mtu wake humo anaitwa Kamongo, anamtaja hata akiomba chakula kibarikiwe. Anasema wengine wote wanamsifu, Kamongo peke yake ndiye anayemwambia ukweli, na angejaliwa mtoto wa kiume angetaka awe hivyo."

Mama Jacinta, chai iliniingia puani, nikasema ni moto.

Kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani, mkikutana njiani mmoja anapisha, na mimi nimemuuliza mama mkwe wangu mbele ya watu elfu tisa kama anadhani Kisumu ni ya Wajaluo peke yao! Nikanyamaza, nikajifukia kama kamongo wa kiangazi, nikaapa sitaripoti hata nukta.

Lakini sasa Ijumaa hii saa sita mchana Mwalimu anaihamisha tovuti yote kwenye seva mpya na ya zamani inafutwa, ametufungulia ile mpya tuikague, wengine wanakagua rangi na vitufe, mimi nikaenda moja kwa moja kwenye somo la kwanza nililosomea, na somo linasomeka "Hesabu ng" halafu basi, kweupe, nikafungua la pili, "Wapange ng", kweupe, kumbe ile seva mpya ikikutana na ritifaa, kile kialama cha juu cha ng', inakata hapo hapo na yote yanayofuata yanapotea, ng'ombe, ng'ambo, mpaka mwanachama mmoja Nyang'or amebaki Nyang, miaka sita ya kazi ya mama huyo inakwenda na ng'ombe wake wote, na hakuna aliyeona ila mimi.

Na jana ameandika, "Kamongo, uko wapi? Sihami na amani bila jicho lako. Lakini ukinyamaza nitajua hakuna kasoro."

Nikisema, nimemvunjia heshima mama mkwe siku chache kabla ya kwenda kwake, na akija kujua ni mimi ayie yangu imeota mbawa, nikimkosa Sylvia sijui nitaishije, na nikinyamaza kazi yake inafutika na mimi najua, sasa nifanye nini?

Kamongo aliyekwama matopeni, Kisumu

MAMA JACINTA ANAJIBU

Wewe Kamongo, keti hapo.

Barua yako imefika Jumatatu asubuhi na imeruka barua kumi na tisa. Waliorukwa mnisamehe, waume zenu watakuwa bado walevi wiki ijayo. Ng'ombe wa Mwalimu hawana wiki. Nimekupigia simu mara tatu hukushika, kwa hiyo nakutumia jibu hili sasa hivi kwa barua pepe, na gazetini litatoka Alhamisi. Majina nimeyageuza kama ulivyoomba. Samaki nimemwacha, nilijaribu kukuita ngege, samaki mwingine wa ziwa letu, barua ikakataa. Sasa jiulize mwenyewe: Bondo hawasomi gazeti? Mama huyo akifika kwenye ng'ombe wake katika ukurasa wangu kabla hajasikia kutoka kwako, usinilaumu mimi.

Kabla sijakuchapa, nikupe haki yako. Mimi niko kwenye kazi hii miaka kumi na minne, na watu wanaoniandikia kwa sababu wanampenda mama mkwe kupita kiasi nawahesabu kwa kidole kimoja. Umeingia mahali hujui kitu, ukafundishwa, kisha ukarudi kila wiki kufagia ua wa aliyekufundisha, bila mshahara na bila jina. Wengine wakishajua wanaondoka na maarifa yao kama sufuria ya kuazima. Wewe ulibaki ukaonyesha panapovuja. Aliyekuzaa alizaa mtu.

Na yeye! Mwanamke amestaafu, angekaa kivulini anywe uji, yeye akafungulia watu elfu tisa mlango kwa lugha wanayoielewa. Mtu asiyemjua akamtukana hadharani, yeye akajibu nilistahili, akasahihisha. Mimi mhariri wangu akinisahihisha nukta moja nanuna mpaka jioni. Huyo mama nimemvulia kitambaa.

Haya, sasa geuka nikuchape.

Desturi umeisoma kama ile seva mpya inavyosoma: umefika kwenye ritifaa ukakata. Umesoma "mkwe anyamaze" na yaliyofuata yote yakapotea. Ni nani alikuambia wazee walisema mama mkwe akiunguliwa nyumba upite kimya ukitazama chini kwa heshima? Walisema usimkazie macho, usibishane naye uso kwa uso. Neno likiwa lazima lisemwe, lilipitia mtu wa kati. Sisi Wajaluo tunamwita jagam, na ninyi Wabukusu mna wenu, usinidanganye. Na ukurasa wa kasoro ni nini kama si jagam? Huoni uso wake, haoni wako, neno linafika. Bila kujua umemtunzia mama mkwe heshima miaka yote hiyo kuliko wanaume wanaokwenda kula kuku kwake kila Krismasi.

Ulichovunja si desturi ya mama. Ulimvunjia Sylvia imani. Ulijifundisha mwenyewe? Na ng'ombe uliowahesabu walikuwa wa baba yako? Mwanamke amekulea kwa masomo yake, halafu unamfuta mbele ya bintiye ili uonekane mwerevu. Hapo ndipo uone haya, Bwana, si kwenye kofi la dada Aditya.

Sasa sikiliza, na usinijibu "lakini".

Ukimaliza kusoma hapa, fungua ule ukurasa uandike kasoro ya sitini na nne. Kwa jina la Kamongo, usijichimbie jina jipya. Andika ulifungua somo gani, ulitarajia kuona nini, ukaona nini badala yake, na uweke neno ng'ombe lenyewe alione linavyokatwa. Umweleze na Nyang'or. Usiandike "samahani Mwalimu sijui kama nitakuwa nimekosea", hiyo si heshima, hiyo ni kumpotezea muda, na muda wake ni mpaka Ijumaa. Andika kama ulivyoandika siku zote, ila ukali punguza, hukuwahi kuuhitaji.

Kisha leo, kabla Sylvia hajafunga duka la dawa, mwendee. Mwambie mambo mawili: ni nani alikufundisha, na Kamongo ni nani. Usianze kwa kumnunulia soda. Atakasirika, na ana haki. Ukae hapo mpaka amalize. Akimaliza, umwombe yeye ampigie mama yake amwambie, wewe usipige. Huyo ndiye jagam wako wa pili na ndiye anayestahili.

Unaniuliza ayie itakuwaje. Mwanangu, unachekesha. Mama huyu amekwisha kukuambia ayie mara sitini na tatu mbele ya watu elfu tisa, kwa rangi ya kijani. Kuna mkwe gani mwingine kando ya ziwa hili amewahi kukubaliwa mara nyingi hivyo kabla hajanunua shati la kuendea? Mama huyu ameshakukubali, ila hajui ni wewe. Kamwambie.

Nyongeza, Jumatano saa tano asubuhi. Ukurasa ulikuwa unakwenda mtamboni nikausimamisha, mpiga chapa ananuna na anune. Kamongo ameniandikia. Aliripoti Jumatatu ile ile. Sylvia alikasirika mpaka dawa ya mteja akampa wa nyuma yake, ikabidi wabadilishane mlangoni, kisha akachukua simu akampigia mama yake. Mwalimu kwenye simu alisema tu, "Ngoja kwanza nimalize ng'ombe." Jana jioni zizi zima lilikuwa limerudi, na Nyang'or ameupata mkia wa jina lake. Halafu chini ya ripoti ile, mahali pa Ayie, Mwalimu ameandika maneno ambayo Kamongo amenitumia na mimi nayaweka hapa kama yalivyo:

"Ayie. Wakwe wengine huniletea ng'ombe, wewe umeanza kwa kuniokolea wangu. Jumamosi njoo. Na ukifika kwangu ukaona paa linavuja, usiseme mbele ya wageni. Andika."