Doa la mkono si la zebaki

Sumayya, yule jirani yangu Mama Arasa anaambia watu eti aliniona nikitoa sufuria ya uji kwa moto na mkono mtupu. Eti zebaki ya kushika dhahabu imeniua mkono. "Huyo hata ugali atasonga na vidole!"

Hiyo ya sufuria si uongo. Nilijua nimeungua nikiona ngozi imetoka.

Leo nimeenda hospitali. Daktari akanifunga macho, akagusa lile doa la mkononi na pamba. "Dada, nimegusa wapi?" Nikamwambia bado hujagusa. Alikuwa amegusa mara tatu.

Mara tatu, Sumayya.

Akasema ni ukoma. Na mimi mwaka mzima nilidhani ni zebaki, nikaacha kuosha mchanga wa dhahabu hapa Osiri nikingoja doa lipone.

Nikauliza mbona ni doa moja tu. Akasema chembe za mwili hutumiana ujumbe. Moja ikiona mdudu inaita zingine zije kupigana. Kwangu zimeitana vizuri, ndio haujaenea. Lakini vita hiyo hiyo imeumiza mishipa ya fahamu, ndio vidole vimekufa ganzi. Dawa ni miezi sita, na ni bure.

Sijalia. Nimekuandikia wewe kwanza.

Sasa anataka kupima kila mtu nimekaa naye nyumba moja. Wewe tumelalia kitanda kimoja miaka miwili kabla uhamie Kosele.

Tafadhali toka Kosele Jumatatu, uje upimwe. Nitakungoja kwa geti ya hospitali.

Naona tiki za bluu, umesoma.

Sumayya, utakuja?