Mbegu ya Mama Kwenye Maikrowevu

Nzau, uko? Muthengi amepika mbegu ya mama.

Nasema amepika. Mbegu ya kupanda.

Unajua mama huweka mbegu ya ndengu ndani ya ile maikrowevu aliyoletewa na dada yangu Wayua, kwa sababu panya hawawezi kuingia. Jana mvua ilinyesha hapa Zombe. Leo asubuhi ng'ombe wamefungwa plau tayari, na mlango wa maikrowevu umekataa kufunguka. Ukibonyeza kitufe, ndoana ya ndani haiachilii.

Nikataka kuleta bisibisi. Muthengi, huyu shemeji aliyemuoa Wayua, akasema, "Wacha ushamba. Hizi mashine hushika mlango mpaka zimalize kazi."

Akaichomeka kwa stima. Akaiweka dakika tano. Mama akamuuliza, "Muthengi, una uhakika?" Akasema, "Mama, tulia."

Dakika tano, Nzau. Tulisimama tukiangalia mbegu ikizunguka.

Ikalia. Akabonyeza. Mlango haukufunguka.

Ndipo mama akachukua kisu cha kukatia sukuma wiki, akachokoa pembeni mwa mlango, ukafunguka mara moja. Moshi ukatoka. Ndengu zote zimekuwa kahawia, zinanukia kama njugu. Kilichokuwa kimebana ndoana ni ndengu moja tu, na hiyo haikuguswa na moto.

Mama akaiweka kwa mkono wa Muthengi. "Hii bado ni mbegu. Enda upande, ng'ombe wanangoja."

Nzau, ameenda. Yuko shambani sasa hivi, anafuata plau na ndengu moja.