Mlango Usiobadili Jibu

Kapata, Kolwezi

Ntambwe wangu,

Salamu zikufikie huko Tenke. Hapa vumbi limezidi, lakini Mama amepona mafua.

Jana darasani niliunda saketi inayolinganisha namba mbili na kuwasha taa moja kati ya tatu: kubwa, ndogo au sawa. Ilifanya kazi vizuri, ila mwalimu wetu, Tata Ngeleka, alicheka akigusa mlango mmoja wa mantiki, kile kijisehemu cha saketi kinachotoa ndiyo au hapana. "Mama ingénieur, huu mulango ukisema ndiyo ao hapana, jibu inabakia ileile. Inakula tu umeme bure. Utoe!" Niliutoa, na taa zikawaka vilevile.

Nilirudi nyumbani nikituwaza sisi. Wewe husema tungoje Baba akubali Mkristo amwoe binti yake. Nimepanga hali zote. Baba akikubali nawe ukinitaka, nakuja. Baba akikataa nawe ukinitaka, nakuja. Usiponitaka, ridhaa yake itanisaidia nini?

Kwa hiyo nimemtoa Baba. Najua huenda asinisemeshe tena. Usimtaje katika jibu lako. Niambie tu, wewe unanitaka?

Wako, ukisema ndiyo,
Rahima