Hajashiba Bado

S.L.P. 37,
Kyela.
20 Februari 1991

Mpendwa dada yangu Siti,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi. U hali gani huko Lindi? Mgongo wa shemeji Hamza unaendeleaje, na watoto je? Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mvua ni ile ile ya Kyela, inanyesha asubuhi, ikipumzika kidogo ni ili ipate nguvu za jioni.

Duka linakwenda. Siku hizi sabuni na sukari zimejaa mpaka hatuna pa kuziweka, nyingine zinavuka Songwe kutoka Malawi, na watu waliokuwa wakisukumana kwenye foleni sasa wananusa kwanza ndipo wachague. Mume wangu Yasini anasema ndiyo biashara huria hiyo. Mimi naona vumbi la kupangusa tu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Unasema ulilia kwa furaha uliposikia kaka Abdallah amerudi kutoka Kuwait, na kwamba unamshonea kanzu. Dada, weka sindano chini kwanza, nikueleze.

Unajua vita ilivyowakuta wafanyakazi wageni kule. Walikimbilia jangwani upande wa Jordan, umati wa watu, pasi zao zimebaki kwa matajiri wao. Lipo shirika la kimataifa lililoundwa na serikali nyingi kwa mambo ya wahamiaji. Ndilo lililowatafutia ndege, likawa linawauliza mmoja mmoja: kwenu wapi? Asiye na pasi aliandikwa kwa neno lake. Mtu mmoja akasema yeye ni Abdallah Selemani, kwao Kyela. Ujumbe ukafika wilayani, Mama akaitwa, akaulizwa kama ana mwana Kuwait. Alisema ndiyo, akakaa chini palepale ofisini.

Mwezi wa Novemba akaletwa mpaka mlangoni na bwana mmoja wa shirika hilo, aliyekuwa akiwafikisha watu wa mkoa wetu. Bwana mpole, sina la kumlaumu. Akauliza, "Mama, huyu ndiye?" Mama alimtazama yule mtu kwa muda mrefu. Hakusema ndiyo, hakusema siye. Alisema, "Karibu nyumbani, baba. Ingia ule kwanza." Yule bwana akafurahi, akaaga. Kazi yao ni kumfikisha mtu kwao, na kwao alikuwa amefika.

Mimi nilikuwa mdogo Abdallah alipoondoka kuwafuata binamu za Baba huko Arabuni, kwa hiyo nilimwamini. Ungekuwepo nawe ungemwamini! Alizunguka akaingia kwa mlango wa uani bila kuonyeshwa, kama Abdallah alivyokuwa akimkwepa Baba. Anajua jina la mbwa wetu aliyekufa zamani. Anajua Mama hagusi wali uliopoa. Akinawa uso anavumisha wimbo ule ule wa kupura mpunga.

Kisha siku moja alitoka shambani na tope, suruali kaikunja, akakaa nasi barazani akasimulia ulivyomkata kwa jembe mlipokuwa watoto kule Busale. Alisimulia vizuri mpaka Mama akacheka. Huku anasimulia, anausugua muundi wake wa kushoto. Dada, hapakuwa na kovu. Lile kovu ulilochapwa wewe kwa ajili yake, halikuwepo. Nilipomgeukia Mama alikuwa ameshaacha kucheka, anampakulia tena.

Tangu hapo sina raha katika nyumba hii. Jirani yetu Anyosisye humwamkia "Ugonile", naye kila akisemeshwa Kinyakyusa hujibu "Ndaga" tu, anashukuru hata akiulizwa anakwenda wapi. Watu wanasema Arabuni kumemsahaulisha lugha. Mchana mmoja alipitiwa na usingizi dukani, juu ya magunia ya mchele wa Ngonga, akaweweseka kwa Kireno, kile cha wakimbizi wa Msumbiji. Katikati ya maneno hayo akaita kwa Kiswahili, "Abdallah, amka. Abdallah, amka twende." Nilisimama pale na ufagio wangu. Alikuwa anamwita mwenye jina.

Nilimwendea Mama jikoni nikamwambia tumuulize. Aliendelea kukoroga chungu chake cha Ikombe. "Hajashiba bado," alisema. "Msafiri haulizwi habari kabla hajashiba. Wewe nani alikulea?" Adabu ya nyumba yetu unaijua, lakini ni adabu gani ya kula tangu Novemba? Mama alijua tangu pale mlangoni. Anajua pia kwamba siku tukimuuliza tutatandika mkeka wa matanga. Asipoulizwa, akiita "Abdallah" kuna mtu anaitika.

Yasini anataka tukaripoti wilayani. Nikamwuliza, halafu lile shirika limpeleke wapi? Kwao kunapigwa vita. Wana ndege za kubeba mataifa yote, haya, lakini ndege nayo inataka pa kutua. Tuligombana mpaka tukalala bila kusemezana.

Wala usidhani mimi ni jasiri. Juma lililopita alikuja akasimama mbele yangu dukani, machozi yanamlenga. Akasema, "Dada Shamsa, nina neno la kaka yako." Alisema hivyo hivyo, la kaka yako. Nami nilimjibu nini? "Nenda ukale kwanza, Mama ameshapakua." Akaenda, kichwa chini. Naogopa, dada. Neno hilo nalitaka na silitaki.

Sasa Ramadhani inakaribia. Mama anasema mwezi ukiandama hataweza tena kumlisha mtu mchana. Jana alitoa ule mkeka mpana akauanika juani, akanituma ubani. Nilirudi nikamkuta ameketi kando ya mkeka, anatoa majani makavu yaliyonasa kwenye ukili. Bila kuniangalia akasema, "Mwandikie Siti. Kanzu aimalize, ila aifupishe. Huyu si mrefu kama nduguye." Halafu akasema, "Na aje kabla ya mfungo. Mwanangu huyu ameshiba."

Basi njoo, dada. Anza kwa basi, kisha upande treni mpaka Mbeya, Yasini atakuja kukupokea. Nisalimie shemeji Hamza na watoto wote, na Bi Hanifa wa nyumba ya pili. Anyosisye anakusalimu sana. Mgeni wetu naye anakusalimu, ila jina lake bado hatujalijua.

Mungu akufikishe salama, na amrehemu aliyebaki njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Shamsa