Mshono wa Shangazi

Shoga, usinipigie. Nimejifungia chooni hapa klabu yetu ya roketi, sina uso wa kutoka.

Roketi yetu imeruka leo, ikapotelea mawinguni. Mimi macho kwenye kompyuta, si unajua kile kisanduku cha kupimia kinachotutumia kimo cha roketi kutoka angani? Namba ikasoma mita sifuri. Sifuri! Nikajua tayari imeanguka, parachuti halikufunguka.

Na parachuti kalishona nani? Shangazi. Wiki nzima kwenye cherehani yake, bila kudai chochote.

Nikamgeukia mbele ya klabu nzima. "Shangazi, mshono wako umeachia! Umetuharibia kazi!"

Nilisema hivyo. Kwa shangazi yangu. Aliyenilea!

Alishika tu ile futi yake ya kamba shingoni.

Mara fundi umeme wetu akapiga kelele, "Ile pale!" Natazama juu, parachuti jekundu limefunguka lote, roketi inashuka taratibu kama inaogopa kuamsha mtoto.

Tukaifungua. Mahali pa kisanduku patupu.

Shoga, kilikuwa mfukoni mwa koti langu! Asubuhi nilikitoa kubadilisha betri, nikakisahau humo humo. Muda wote kilikuwa kinapima kimo changu mimi, niliyesimama chini nikifoka.

Nikakitoa watu wote wakiniangalia. Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi akanisogelea, akaupapasa ule mfuko kwenye pindo.

"Na huu pia niliushona mimi," akasema. "Umeona? Haujaachia."